Paka wa Nyumba Haingwa: Kumchukua Paka na Kumlea, kwa Mtu wa Kigoma

Mtoto wa paka wa kwanza niliyepewa alikufa siku ya sita. Nilimpata kwa jirani hapa Ujiji, miguu bado inamtetemeka, na kila niliyemuuliza alinishauri nimpe maziwa ya ng'ombe. Nikampa. Akaharisha usiku kucha, asubuhi amelegea, nami nikadhani ni baridi tu. Leo najua kilichomuua: alitolewa kwa mama yake kabla ya wakati, akanyweshwa maziwa ambayo tumbo lake halikuyaweza, akaishiwa maji mwilini. Yote hayo yangeepukika kama ningepata mtu wa kunieleza. Ndiyo sababu naandika kwa urefu, kwa ajili ya yule anayetaka kuchukua paka wiki hii na hana wa kumuuliza.

Huku kwetu wengi hutafuta paka kwa sababu ya panya. Gunia la mahindi limetobolewa, nguo za sanduku la mama zimetafunwa, basi anatafutwa paka, anaachiwa uani, na ananyimwa chakula kwa makusudi "ili awinde". Naomba hili ulitoe moyoni kabla hatujaendelea. Paka hawindi kwa sababu ya njaa peke yake. Awe ameshiba au ana njaa, kitu kidogo kikipita mbele yake kwa kasi atakirukia, ndivyo alivyoumbwa. Aliyeshiba ana nguvu ya kuvizia tundu saa nzima bila kuchoka. Mwenye njaa ataingia jikoni kwa jirani akabebe samaki, au ataokota panya aliyekwisha kula sumu naye afe kwa sumu hiyo hiyo. Kwa hiyo unapochukua paka unachukua kiumbe wa kulea, na akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 12 hadi 15, wengine zaidi. Panya watakukimbia, lakini hiyo ni faida inayokuja baada ya malezi.

Kabla hujamtafuta

Anza na watu, paka baadaye. Kama umepanga, nenda kwa mwenye nyumba ukaseme naye kabla hujaleta kitu. Mimi nilikwenda na mashaka, nikamkuta bibi ameketi barazani anachambua mchele. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza. Akauliza mambo matatu: atajisaidia wapi, vifaranga vyake vitasalimika vipi, na nikisafiri nani atamlisha. Sikuwa na jibu hata moja. Nikarudi baada ya siku nne nikiwa na majibu, akakubali. Maswali yake matatu ndiyo ninayompa kila anayeniuliza kuhusu paka. Ukishindwa kuyajibu, subiri kwanza.

La vifaranga lichukulie kwa uzito mkubwa. Ugomvi mwingi wa paka mitaani kwetu huanzia hapo, na mara nyingi huishia kwa paka kuwekewa sumu. Kifaranga mdogo machoni pa paka hana tofauti na panya. Zungumza na majirani wenye kuku, na wewe mwenyewe kama unafuga, weka vifaranga ndani ya tenga au banda la wavu mpaka wakue. Kuku mkubwa mwenye vifaranga atamfundisha paka adabu, lakini usimtegemee yeye pekee.

Uliza pia kama nyumbani kuna mwenye pumu inayoamshwa na manyoya. Na kama kuna mama mjamzito, hana haja ya kuhama wala ya kumfukuza paka, ila asishike kinyesi chake. Kuna kijidudu kiitwacho toksoplazma ambacho paka anaweza kukitoa katika choo, na kikimwambukiza mjamzito kwa mara ya kwanza kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kijidudu hicho huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili wa paka ndipo kiweze kuambukiza. Mchanga ukiondolewa kila siku na mtu mwingine, mikono ikaoshwa kwa sabuni, hatari inapungua sana. Nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa huambukiza watu wengi zaidi kuliko paka wa nyumbani, na hilo akina mama wachache wameambiwa.

Halafu kuna maneno ya watu. Paka wangu wa sasa ni mweusi tii, nikamwita Chausiku, na wapo walioacha kupita mlangoni kwangu jioni. Sikuwagombeza. Niliwaonyesha anavyolala kwenye mapaja ya watoto. Ujiji ni mji wa Waislamu tangu enzi za misafara, na wazee wa msikitini wanajua kuwa Mtume alimhesabu paka si najisi bali miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani, na kwamba jina la sahaba Abu Huraira lenyewe maana yake ni baba wa kipaka. Wanajua pia habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Mzee mmoja akiyasema hayo mtaani, maneno hupungua kuliko ukiyasema wewe.

Wapi utampata

Vituo vya kuhifadhi wanyama waliotupwa vipo nchini, vingi vikiwa upande wa Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar. Ukichukua paka huko, utaratibu kwa kawaida ni huu: unajaza fomu, unaulizwa kuhusu nyumba yako, wakati mwingine wanakuja kuiona, unachangia gharama, na unatia saini kuwa ukishindwa utamrudisha kwao badala ya kumtupa. Mara nyingi paka huyo ameshachanjwa, amepewa dawa ya minyoo na amefungwa kizazi. Ni njia nzuri kwa anayeishi karibu. Kwa sisi wa mwisho wa reli, kumsafirisha mtoto wa paka kilomita zaidi ya 1,200 ndani ya behewa ni kumtesa bila sababu, wakati hapa hapa wapo wanaohitaji mlezi. Ukilazimika, pitia kwanza ofisi ya mifugo ya huko anakotoka uulizie kibali cha kumsafirisha na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa.

Hapa Kigoma waangalie hawa. Kwanza, jirani ambaye paka wake amezaa, na hiyo ndiyo njia ninayoipenda, maana unamwona mama, unajua siku ya kuzaliwa, na unaweza kusema, "Mwacheni anyonye, nitamfuata mwezi ujao." Pili, wenye maghala na maduka ya nafaka, ambao paka wao huzaa nyuma ya magunia. Tatu, paka wa mwalo kule Kibirizi na wa sokoni Mwanga. Wengine ni wapole na wamezoea watu, wengine ni paka shume waliokulia porini, hawajaguswa na mkono wa mtu. Mtoto wa paka huzoea watu kwa urahisi kati ya wiki ya 2 na ya 7 ya maisha yake. Mkubwa aliyepita umri huo bila kushikwa anaweza kulishwa na akakaa karibu, lakini usitegemee akupakatie. Nne, wale wanaotupwa. Nimewahi kusikia mlio ndani ya kiroba kilichofungwa na kutupwa kwenye jalala, nikakifungua, wakatoka watatu. Ukikutana na hao huna nafasi ya kuchagua, unaokoa kwanza.

Kupima umri na afya

Usimchukue kabla hajatimiza wiki 8. Ukiweza kusubiri hadi 10 au 12, bora zaidi, maana katika wiki hizo mama yake na ndugu zake humfundisha kutong'ata kwa nguvu, kujisafisha na kufukia choo. Ukiambiwa "ana miezi miwili huyu", usikubali kwa maneno tu. Macho hufunguka siku ya 7 hadi ya 10. Meno ya kwanza huanza kuchomoza kwenye wiki ya 3. Watoto wote wa paka huwa na macho ya buluu, na rangi yao ya kudumu huanza kujitokeza kwenye wiki ya 6 au ya 7, kwa hiyo mwenye macho ya buluu ya kimaziwa na anayeyumba akitembea bado ni mchanga. Njia iliyo bora kuliko zote ni mizani ya dukani. Katika miezi ya mwanzo mtoto wa paka huongezeka takriban gramu 100 kwa wiki, na wa wiki 8 huwa na gramu 800 hadi kilo moja. Akiwa na gramu 400, ama ni wa mwezi mmoja ama ana njaa ya muda mrefu.

Mwangalie mchana, kwenye mwanga. Macho yawe safi, bila tongotongo wala utando uliofunika kona ya ndani. Pua isitoe kamasi. Fizi ziwe na rangi ya waridi, zikiwa nyeupe ana upungufu wa damu, na mara nyingi sababu ni viroboto au minyoo. Ndani ya masikio ukiona uchafu mweusi kama machicha ya kahawa, huo ni utitiri, na unatibika. Inua mkia: kama pana kinyesi kilichokauka, anaharisha. Tumbo lililojaa kama ngoma huku mgongo ukiwa mifupa mitupu ni minyoo. Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya yanaweza kuwa mashilingi, na hayo huambukiza watoto wako. Hakuna hata moja kati ya haya linalokukataza kumchukua. Yanakwambia tu kwamba safari ya kwanza ni kwa daktari wa mifugo, na hela ya dawa uwe nayo mkononi.

Mchunguze na tabia. Chuchumaa, kokota kamba chini. Anayeikimbilia ana nguvu. Anayejikunyata pembeni huenda anaogopa tu, lakini asipogeuza hata kichwa anaumwa. Paka mweupe mwenye macho ya buluu, piga makofi nyuma yake uone kama atageuka, maana wengi wa aina hiyo ni viziwi.

Dume au jike? Chini ya mkia, jike ana tundu la haja na mstari mfupi wa wima karibu sana chini yake. Dume ana nukta mbili zilizoachana, na katikati hapo ndipo korodani zitakapokaa. Ukiona paka wa rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya chungwa, jua karibu wote ni majike.

Vitu vya kuwa navyo nyumbani

Havihitaji fedha nyingi. Beseni pana lisilo refu, ujaze mchanga mkavu vidole vinne kwenda juu. Mchanga wa ziwani unafaa sana, uanike kwanza juani. Maranda ya kwa fundi seremala nayo yanafaa, majivu usitumie, yanamchoma nyayo na pua. Bakuli mbili zisizopinduka, ya maji na ya chakula, uziweke mbali na beseni la mchanga kwa sababu paka hali karibu na choo chake. Boksi lililolazwa ubavu, ndani kitenge kikuukuu, ndilo litakuwa chumba chake cha kulala. Gogo la mti lenye gome au gunia la katani lililofungwa kwenye mguu wa meza ili anolee kucha, la sivyo atanolea kochi lako.

Kisha pita nyumba nzima ukiondoa hatari. Sumu ya panya itoke yote, hata ile ya juu ya dari. Mafuta ya taa, dawa za kunyunyizia mimea na dawa ya kuogeshea ng'ombe zifungiwe. Uzi na sindano za fundi cherehani zisikae wazi: paka hupenda kumeza uzi, na uzi hukata utumbo.

Siku ya kumleta

Mlete asubuhi, siku ambayo utashinda nyumbani. Tumia tenga la kuku lenye kitambaa ndani, limefunikwa kanga juu. Usimbebe mikononi kwenye bodaboda. Nimeshaona paka akichomoka Mwanga katikati ya barabara, na hakuonekana tena. Omba kwa mwenye paka kipande cha nguo alicholalia mama yake, kiweke ndani ya boksi. Harufu hiyo itamtuliza kuliko maneno yako yote.

Mpe chumba kimoja tu. Fungua tenga, kaa chini pembeni, usimvute. Ataingia chini ya kitanda, na mwache huko huko. Wengine hutoka baada ya saa moja, wengine siku ya tatu usiku. Mwonyeshe mchanga mara tu baada ya kula, mweke juu yake, atakwangua mwenyewe. Akikosea, usimsugulie pua kwenye uchafu. Hajui unachomwadhibia, atajua tu kwamba mikono yako ni ya kuogopwa. Safisha kwa maji ya sabuni na siki kidogo, kisha usogeze beseni mahali alipopapenda.

Watoto wa nyumbani uwafundishe siku hiyo hiyo: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, na asibebwe kwa shingo hata kama mama yake alimbeba hivyo. Asiamshwe akiwa amelala. Kamba shingoni usifunge, atanasa kwenye mti.

Usiku wa kwanza atalia. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo, iwekwe upande mmoja wa boksi ili akipata joto mno aweze kusogea, itamsaidia sana, hasa Juni na Julai usiku unapokuwa na baridi.

Kama umeokota ambaye hajafikisha wiki 4, shughuli ni nyingine kabisa. Kwanza mpashe joto, kwa sababu akiwa wa baridi tumbo lake halisagi kitu na chakula kitamdhuru. Tafuta mtaani paka anayenyonyesha, wengi hupokea mtoto wa kando. Akikosekana, tafuta maziwa maalumu ya watoto wa paka. Ya mbuzi ni ya dharura tu, ya siku moja au mbili. Mnyweshe kwa bomba dogo la sindano lisilo na sindano, akiwa amelalia tumbo na si chali, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Baada ya kila mlo, mpanguse sehemu za haja kwa kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu, maana bado hawezi kujisaidia mwenyewe.

Chakula, na habari ya dagaa

Hapa nitakaa, kwa sababu tunaishi kando ya Ziwa Tanganyika na tunadhani kwamba kwa chakula cha paka hatuna la kujifunza.

Paka ni mla nyama kwa umbile. Mwili wake unahitaji kitu kiitwacho taurini, kilichomo ndani ya nyama na samaki tu, na ukikikosa kwa muda mrefu macho hupofuka na moyo hulegea. Ugali wa muhogo na mchuzi humjaza tumbo bila kumlisha. Unaweza kuchanganya ugali kidogo, usizidi robo ya chakula, lakini robo tatu ziwe za mnyama.

Dagaa wetu ni chakula kizuri kwake, tena wanaliwa wazima na mifupa yao laini, ambayo humpa madini ya kukuza mifupa yake. Ila wachemshwe. Dagaa wa Kigoma ni wa jamii moja na samaki wanaoitwa heringi, na samaki wengi wa jamii hiyo wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka anayelishwa dagaa wabichi kila siku anaweza kuanza kuyumba, kuinamisha shingo, mwisho kupata degedege. Moto huua kimeng'enya hicho, kwa hiyo dakika kumi za kuchemka zinatosha kumkinga. Waliokaushwa waoshe mara mbili kuondoa mchanga, waloweke kama wana chumvi, ndipo uwachemshe. Mgebuka mchemshe, toa miba mikubwa. Moyo na filigisi za kuku vilivyochemshwa anavipenda, na moyo una taurini nyingi. Maini mara moja au mbili kwa wiki, si kila siku. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, hupasuka kama vijiti vyenye ncha.

Kinachosahauliwa na wengi ni mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka hupumzika. Siku hizo dagaa wabichi huadimika na bei hupanda. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane, na paka wengi wa mitaani walikonda wakaonekana mbavu. Weka akiba ya dagaa wakavu kwenye ndoo yenye mfuniko, na mzoeshe paka wako mapema vyakula viwili au vitatu tofauti. Paka aliyezoea ladha moja tangu utotoni anaweza kukataa nyingine hata akiwa na njaa, na paka asiyekula kwa siku mbili au tatu ini lake huanza kuharibika.

Wa chini ya miezi 4 mpe milo minne kwa siku, hadi miezi 6 mitatu, baada ya hapo miwili. Paka mkubwa wa kilo 3 au 4 hutosheka na gramu 150 hadi 200 za samaki au nyama iliyochemshwa kwa siku. Maji safi yawepo muda wote. Maziwa ya ng'ombe achana nayo, tumbo la wengi haliyasagi. Usimmiminie mchuzi wa binadamu: kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu yake.

Kwa daktari wa mifugo

Ndani ya wiki ya kwanza mpeleke. Ofisi ya mifugo ya halmashauri itakuelekeza kwa daktari aliye karibu, na usione haya kwa kuwa wengine wamekuja na habari za ng'ombe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamhusu paka wako kama inavyomhusu ng'ombe.

Minyoo ndiyo ya kwanza. Mtoto wa paka hupewa dawa kila baada ya wiki mbili mpaka miezi miwili, kisha kila mwezi hadi miezi 6, kisha kila miezi mitatu. Kipimo hufuata uzito, kwa hiyo nenda na namba uliyoipata kwenye mizani. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi 3 na kurudiwa baada ya mwaka. Kila mwaka, tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na karibu na siku hiyo sikiliza matangazo ya kampeni za chanjo, uende na paka ndani ya tenga, si kwa kamba katikati ya mbwa. Muulize daktari pia juu ya chanjo ya mafua ya paka na ya panlukopenia (ugonjwa mkali wa virusi wa paka), ambayo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16.

Mtu aking'atwa au kukwaruzwa na paka asiyejulikana, au anayetokwa mate na kushambulia ovyo, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Dawa za kujitibia mwenyewe zimeua paka wengi kuliko magonjwa ninayoyajua mimi. Paracetamol usimpe kamwe, nusu kidonge inaweza kumuua. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini na dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake hata tone. Viroboto wa mtoto mdogo watoe kwa chanuo lenye meno ya karibu karibu, ukilichovya kwenye maji ya sabuni kila mara.

Kufunga kizazi

Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, yeye mwenyewe bado mtoto. Hubeba kwa takriban siku 63 hadi 65, mara nyingi huzaa watoto watatu hadi watano, na kwa mwaka anaweza kuzaa mara mbili hadi tatu. Wale watatu wa kwenye kiroba walitoka kwenye hesabu hiyo. Panga na daktari kati ya miezi 4 na 6. Dume hutolewa korodani, jike hutolewa kizazi, na wote wawili lazima wapewe dawa ya usingizi. Akija mtu na wembe akakwambia atamhasi dume wako uani huku ameshikwa miguu, mkatalie. Dume aliyehasiwa hupunguza kupigana na kunyunyiza mkojo ukutani, na huacha kupotea siku tatu akitafuta majike. Uwezo wa kukamata panya anabaki nao. Muulize daktari mapema asile tangu saa ngapi, na baada ya upasuaji mweke ndani siku 10, ukiangalia mshono asubuhi na jioni.

Kumfungulia mlango

Usimwachie nje kabla ya wiki tatu tangu aje. Anahitaji muda huo kuijua nyumba kwa harufu, na kabla ya hapo atajaribu kurudi alikotoka. Wakati huo mfundishe mlio mmoja wa chakula. Mimi hugonga kijiko kwenye bakuli la bati mara tatu, kila mlo, bila kubadilisha.

Kama una mbwa, wape kwanza kunusa nguo za kila mmoja kwa siku kadhaa, kisha waonane mbwa akiwa amefungwa na paka akiwa na mahali pa kupanda. Kama kuna paka mkubwa, milo yao iwe pande mbili za mlango uliofungwa mpaka waache kufoka.

Siku ya kwanza ya kutoka chagua saa moja kabla ya mlo wa jioni, akiwa na njaa kidogo. Fungua mlango, usimsukume, simama hapo hapo. Chausiku alitoka hatua tano, akanusa mti wa mchikichi, akarudi mbio. Akatoka tena, akaenda hadi kwenye banda la bibi. Nikagonga bakuli mara tatu. Alikuja mkia juu, akala, nikafunga mlango. Kwa wiki nzima nilifanya vile vile, kila siku nikiongeza dakika kidogo, na usiku wote alilala ndani.